Mke wangu hataki kiwambo cha kuzuia sauti ya bunduki ndani ya nyumba, na sikio langu halinyamazi

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto watatu, nina miaka 39, na ninaishi na familia yangu katika kijiji kimoja cha mkoa wa Innlandet hapa Norwei, ambako ninafanya kazi kwenye gereji ya magari. Nilizaliwa Uvira, nikakulia katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na huko kambini ndiko nilikomwoa mke wangu, ambaye kwao pia ni kandokando ya Ziwa Tanganyika. Tuliletwa huku kama wakimbizi miaka kumi na miwili iliyopita.

Jirani yetu ni mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, na ndiye kiongozi wa kikundi cha wawindaji wa elgi. Kwa wasomaji walio nyumbani, elgi ni mnyama wa misitu ya huku, mrefu kuliko farasi, na dume lake lina pembe pana kama viganja vilivyofunguliwa. Misimu miwili nilikwenda nao bila bunduki, kazi yangu ikiwa ni kuswaga wanyama porini pamoja na mwenye mbwa, na mara zote mbili nilirudi na fungu langu la nyama. Mke wangu ndiye aliyefurahi kuliko mimi, kwa sababu aliikausha nyingine kwa moshi kama walivyofanya kwao, akaipika na sombe, yaani kisamvu, na friza yetu haikukauka mpaka Pasaka.

Mwaka jana nilifanya mtihani wa wawindaji nikafaulu, na mzee akasema atanipa bunduki yake ya zamani, ya risasi za kipimo cha 6.5×55, kwa kuwa macho yake hayamsaidii tena. Polisi walinipa kibali. Mke wangu alikubali baada ya kufikiri kwa wiki mbili, kwa masharti kwamba bunduki ikae ndani ya kabati la chuma chini ya nyumba, ufunguo niwe nao mimi peke yangu, na watoto wasiione ikitolewa wala ikirudishwa. Masharti hayo nimeyatimiza.

Huku, kabla ya kuwinda wanyama wakubwa, kila mwaka ni lazima upige risasi 30 za mazoezi, kisha upige 5 za mtihani kwenye picha ya mnyama iliyo umbali wa mita 100, zote ziingie ndani ya duara la sentimita 30. Mwezi Mei nilikuwa kwenye mazoezi hayo, kulikuwa na baridi, na kofia yangu ya sufu ilikuwa imeingia chini ya kikinga sikio cha kushoto bila mimi kujua. Nilipofyatua nilihisi kama nimepigwa kofi. Tangu siku hiyo sikio la kushoto linalia mlio mwembamba, kama wa nyenje, na usiku nyumba ikitulia ndio huzidi.

Mzee aliposikia habari hiyo aliniambia ninunue kiwambo cha kuzuia sauti, maana kila mtu katika kikundi chao anacho. Nilikwenda dukani nikaonyeshwa vya aina nyingi: kirefu cha chuma kinachokaa mbele ya mtutu, kingine kinachorudi nyuma na kuufunika mtutu, na kimoja cha titani, chepesi lakini bei yake ni mara mbili ya vingine. Muuzaji alisema mtutu wa bunduki hii ni mrefu, kwa hiyo ukatwe sentimita kama 10 ndipo ukatwe hesi za kufungia kiwambo. Mimi ni fundi, na kukata hesi ni kazi ninayoiweza. Nilivutiwa na kile cha titani, nikalipa nusu ya bei, na nikaiweka risiti kwenye mfuko wa koti la kazini. Mke wangu alikuwa hajui.

Aliiona siku ya kufua. Hakupiga kelele. Aliniuliza maana ya neno lililoandikwa pale, nikamweleza, akakaa chini. Halafu akasema: "Bunduki inayolia mtu huikimbia. Hiyo isiyolia utaikimbiaje?" Nilijaribu kumweleza kwamba ni kwa ajili ya sikio langu, lakini akasema kitu hicho ni cha wauaji, na kwamba hakiingii nyumbani mwake. Baadaye alimpigia simu dada yake aliye Texas, naye akamwambia kwamba Marekani mtu hawezi kumiliki kitu hicho mpaka achukuliwe alama za vidole na aandikishwe serikalini, na hapo mke wangu akazidi kuamini kwamba ninamficha jambo. Tangu siku hiyo analala chumba cha mtoto wetu mdogo, akisema mtoto anakohoa, ingawa mtoto amepona.

Mama, nina maswali matatu. Katika viwambo hivyo, ni kipi kinanifaa? Nifanye nini mke wangu aelewe kwamba hofu yake haina msingi? Na je, niache kabisa mambo ya kuwinda? Msimu unafunguliwa tarehe 25 Septemba, na nusu ya pesa iko dukani.

Mwenye Mlio Sikioni,
Innlandet, Norwei

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama mahali pamoja, pale mkeo alipokaa chini. Kwanza nikupe pole ya sikio, kisha nikupongeze kwa kuyatimiza masharti ya kabati na ufunguo, maana wapo wengi ambao wangeyakubali kwa mdomo tu.

Kama nimekuelewa vizuri, una mambo matatu yaliyofungwa kwenye furushi moja. Lipo sikio lililoumia, ambalo linahitaji kinga na daktari. Kipo kifaa cha kuchagua kwa ajili ya bunduki ya zamani, na uchaguzi wake una ufundi ambao wewe kama mtu wa gereji utauelewa haraka kuliko mimi. Halafu yupo mwanamke aliyekubali bunduki iingie nyumbani, akaweka masharti, kisha akakuta risiti kwenye koti. Uliponiuliza ni kiwambo kipi kinakufaa, ulitaja jambo la pili, lakini sehemu kubwa ya barua yako inahusu la tatu. Nitayajibu yote, ila ruhusu nisifuate mpangilio wako.

Nianze na jina lenyewe, kwa sababu naona limewaponza nyote wawili. Sisi wasomaji wa Kiswahili tulikutana na kiwambo cha kuzuia sauti kwenye riwaya za upelelezi, ambamo jambazi hufunga kitu kama bomba kwenye bastola, sauti ikatoka kama ya mtu anayetema mate, na aliye chumba cha pili asiamke. Hivyo ndivyo mkeo anavyokijua, na nina shaka kwamba hata wewe, ulipolipa ile nusu, ulitarajia ukimya wa namna hiyo. Bunduki ya kuwindia elgi haina ukimya huo. Mlipuko wake karibu na sikio la mpigaji huwa kati ya desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 155 na 170, na kiwambo kizuri hupunguza kati ya desibeli 20 na 35. Ukitoa, utaona kwamba kinachobaki mara nyingi kinazunguka desibeli 135 au 140, na 140 ndicho kiwango ambacho wataalamu wengi wa kelele hukihesabu kuwa mpaka wa hatari kwa sikio, hata kwa pigo moja. Zaidi ya hapo, risasi yako hutoka kwa kasi ya zaidi ya mita 700 kwa sekunde, wakati sauti yenyewe husafiri mita kama 340 kwa sekunde, na kila kinachoipita sauti hupasua hewa kwa mlio kama wa mjeledi, unaofuatana na risasi njia nzima. Mlio huo hakuna kiwambo kinachoufikia, kwa sababu unazaliwa nje ya mtutu. Aliye upande wa pili wa bonde atasikia kwamba mtu amepiga bunduki, ingawa atapata taabu kusema amepigia wapi.

Wewe una neno zuri zaidi la kifaa hiki, na unalitumia kila siku gereji: sailensa. Pikipiki iliyofungwa sailensa hainyamazi, ila ikitolewa mtaa mzima hushika masikio. Ufundi ni uleule: gesi yenye moto na shinikizo hupitishwa kwenye vyumba vidogovidogo, inapoozwa na kupunguzwa kasi kabla ya kuachiwa nje. Wala si kufanana kwa bahati, kwani Mmarekani Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza ya kiwambo cha bunduki mwaka 1909, alishughulikia pia sailensa za injini. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha ya Maxim mnamo 1884, ileile iliyoletwa Afrika na wakoloni, na za aina yake wazee wetu waliziita bombomu, na huyo baba alizeeka akiwa kiziwi. Nimeileta habari hii kwa sababu ya sikio lako. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa kwa kishindo hazioti tena, na mlio unaousikia usiku unaweza kuwa dalili kwamba baadhi yake zimeumia. Kwenye barua nzima hukutaja daktari hata mara moja. Nenda kwa daktari wako wa kawaida wiki hii, umwombe akupeleke kupimwa usikivu, na umweleze tarehe na namna ilivyotokea. Yapo mengi ya kumsaidia mtu aishi na mlio huo bila kunyang'anywa usingizi, lakini hayapatikani kwenye duka la bunduki.

Sasa tuje kwenye uchaguzi. Nilizungumza na mtu anayewinda katika misitu ya Skandinavia na ambaye ana uzoefu wa miaka mingi, nami nikamsomea barua yako bila kutaja mahali wala jambo litakalokutambulisha. Kitu cha kwanza alichokishika hakikuwa titani wala chuma. Alishika zile sentimita 10.

Sheria ya Norwei kwa elgi inataka risasi yenye uzito wa gramu 9 au zaidi, na inataka pia nguvu fulani ibaki risasi inapofika mita 100: risasi ya gramu 9 hadi 10 ibaki na jouli 2,700, na ile inayozidi gramu 10 ibaki na jouli 2,200. Risasi za 6.5×55 za gramu 10 na kitu hupita hapo, lakini nafasi inayobaki juu ya mstari si kubwa. Ukiufupisha mtutu, baruti hupata muda mfupi zaidi wa kuisukuma risasi, kasi hushuka kidogo, na nguvu hushuka nayo. Huenda bado ukawa upande wa halali, lakini huwezi kulijua hilo kwa kukisia, wala namba zilizoandikwa kwenye boksi la risasi hazitakutosha, kwa sababu hizo zilipimwa kwa mtutu mrefu. Kwa hiyo, kabla msumeno haujagusa chuma, mwulize fundi wa bunduki atapimaje kasi baada ya kukata, na kama inawezekana kuacha mtutu urefu wake. Hapo ndipo kile kiwambo cha pili ulichokitaja, kinachorudi nyuma kuufunika mtutu, kinapokuwa na maana, kwa kuwa kinaongeza urefu mdogo mbele na uzito wake hukaa karibu zaidi na mkono. Kasoro yake ni kwamba kinahitaji mtutu wenye unene unaopita ndani yake, na bunduki za zamani mara nyingi zina kinundu cha kulengea mbele kabisa, ambacho lazima kitolewe.

Kuhusu hesi, mwanangu, najua mikono yako ni ya fundi, lakini naomba usizikate mwenyewe kwenye mashine ya gereji. Kwenye bomba la gari ukikosea nusu milimita, litavuja moshi. Kwenye mtutu, hesi zinapaswa kufuata tundu la ndani, ambalo katika mitutu ya kale huwa halipo katikati sawasawa ya umbo la nje, na mtu anayekereza kwa kufuata umbo la nje atakifunga kiwambo kikiwa kimepinda kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Risasi inaweza kugusa visahani vya ndani, na kiwambo kikapasuka mbele yako au ya mwenzako. Mwambie fundi mwenye kibali aangalie pia kama ncha ya mtutu ina nyama ya kutosha kubeba hesi, kwani viwambo vya huko huja kwa hesi za vipimo kama M14×1, M15×1 na M18×1, na mtutu mwembamba hauwezi kubeba kila kimojawapo. Hata tundu la kiwambo lina kanuni yake: lililotengenezwa kwa risasi nene kuliko yako linaweza kutumika, ila sauti haitapungua kama inavyopasa, na lililotengenezwa kwa risasi nyembamba kuliko yako ni hatari isiyojadiliwa.

Nyenzo ndiyo iliyokuvutia dukani, lakini nadhani ndiyo yenye uzito mdogo kuliko yote hayo. Titani ni nyepesi na imara. Alumini ni nyepesi na rahisi, nayo inatosha kwa mtu anayepiga risasi chache porini, ingawa moto wa mitutu mifupi na wa mazoezi ya mfululizo huila mapema. Chuma huvumilia karibu kila kitu, isipokuwa bega lako jioni. Gramu 500 zikiwekwa mwisho wa mtutu huonekana kama kilo nzima baada ya saa tano za kusimama kwenye theluji. Jiulize utapiga risasi ngapi kwa mwaka. Mwindaji wa kikundi hupiga 30 za mazoezi, 5 za mtihani, na porini pengine moja au mbili, na kuna msimu anaomaliza bila kufyatua. Kwa matumizi hayo, tofauti ya bei kati ya titani na alumini ni pesa unazolilipa bega lako, na kama bega linazihitaji hakuna ubaya, ila uwe unajua unachonunua. Yule mwindaji aliniongezea jambo ambalo halikunijia kabisa: kiwambo hubadili mahali risasi inapotua, kwa hiyo baada ya kukifunga ni lazima urekebishe ulengaji upya na ufanye mtihani nacho, na usikivue porini ukadhani bunduki ni ileile. Ukirudi nyumbani, kifungue kwenye mtutu, ukiache kikauke mahali penye hewa, maana baridi ikikutana na joto la ndani, maji hukusanyika humo pamoja na masizi ya baruti, na mtutu wa bunduki ya mzee utapata kutu kwa ndani kabla ya Krismasi.

Vikinga sikio bado vitahitajika, kiwambo kiwepo kisiwepo. Nimekumbuka ile kofia yako ya sufu. Kikinga sikio hufanya kazi pale tu mto wake unaposhika ngozi pande zote, na uzi mmoja wa kofia, au mkono wa miwani, hufungua mlango wa sauti kuingia. Kuna vikinga vya umeme vinavyokuza sauti ndogo, kama mbwa anavyobweka mbali au tawi linapovunjika, na kujifunga vyenyewe wakati wa mlipuko, na mtu anaweza kuongeza vizibo vya ndani chini yake. Wapo wawindaji wanaoishia hapo, bila kiwambo, na masikio yao yako salama. Lakini mbwa hana kikinga, na yule anayeswaga, kazi uliyokuwa ukiifanya wewe, mara nyingi huwa na kofia tu. Hao nao wako upande wa kiwambo katika hesabu hii.

Sasa mkeo. Uliniuliza ufanye nini aelewe kwamba hofu yake haina msingi, na hilo ndilo swali nililoshindwa kulijibu kama ulivyoliuliza. Amesema bunduki inayolia mtu huikimbia. Mtu anayesema hivyo amewahi kukimbia, na bunduki ilipolia ndiyo iliyomwamsha. Wewe pia ni mtoto wa Uvira, na unajua kwamba kuna watu wa kandokando ya ziwa walionusurika kwa sababu walisikia mlio ukiwa bado mlima wa pili, wakapata muda wa kubeba mtoto na kufika kwenye mtumbwi. Kwa mtu wa namna hiyo mlio ni onyo, na anayeondoa mlio anamnyima onyo. Sidhani kwamba hofu hiyo haina msingi. Nadhani msingi wake uko mahali ambapo desibeli zangu zote hazifiki, na kwamba ukimwekea mezani hesabu hizi kabla ya kumsikiliza, utakuwa na haki na hutakuwa na mke chumbani.

Sijui kama amewahi kukusimulia usiku wa kukimbia kwake. Wanandoa wengi waliokutana kambini hawakusimuliana, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake anajua, au waliogopa kuanza. Huenda risiti hiyo ndiyo imeufungua mlango ambao nyote wawili mlikuwa mnapita mbele yake. Unaweza kumwuliza, siku watoto wako shuleni, alisikia nini usiku ule na nani alimwamsha, kisha ukae kimya mpaka amalize, bila kutaja kiwambo kabisa siku hiyo. Ina hatari yake: anaweza kulia, anaweza kukataa, au usingizi wake ukaharibika kwa siku kadhaa. Ikiwa hivyo, daktari huyohuyo wa sikio lako anaweza kumwelekeza kwa watu wanaosaidia waliopitia vita, na anaweza kuomba mkalimani ambaye si mtu wa jamii yenu, kama anaona aibu.

Yale aliyoambiwa na dada yake wa Texas ni kweli, na si vema umwambie kwamba amedanganywa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1934 iliviweka viwambo kwenye daftari la serikali pamoja na bunduki za rashasha, kwa kodi ya dola 200, na ingawa kodi hiyo imeshushwa hadi sifuri kuanzia Januari 2026, alama za vidole na kuandikishwa vimebaki. Norwei ilichukua njia nyingine: bunduki ndiyo yenye kibali, na kiwambo huuzwa bila kuandikishwa, kwa kuwa kinahesabiwa kuwa kinga ya masikio na utulivu wa majirani. Nchi mbili zimekitazama kitu kimoja kwa macho mawili, kwa hiyo shemeji yako hakukosea na wewe hukuvunja sheria. Nakuonya tu kwamba usikibebe kuvuka mpaka wowote, na hasa usifikirie kukipeleka Afrika Mashariki, bila kuuliza kwanza sheria ya huko.

Ila kuna jambo ambalo si la vita wala la sheria. Mkeo aliweka masharti, na aliyaweka kwa sababu alitaka bunduki iwe jambo la nyumba nzima. Ulipolipa nusu na kuiweka risiti kwenye koti, uliliondoa tena likawa lako peke yako. Uliandika "alikuwa hajui", kana kwamba kutojua kulimtokea tu. Nadhani yapo maneno anayokudai hapo, mafupi, na uyaseme kabla ya maelezo yoyote ya sikio.

Baada ya hayo mnazo njia kadhaa, na hakuna isiyo na gharama. Unaweza kumwomba mwenye duka akushikie ile nusu mpaka msimu ujao, au akubadilishie bidhaa, kisha mwaka huu ukaenda tena kuswaga na mbwa ukiwa na vikinga vyema, na kumwachia mkeo muda. Hapo utamhuzunisha mzee kidogo, na pengine nawe utajiona umerudi nyuma. Unaweza kuwinda msimu huu kwa vikinga viwili, vya ndani na vya nje, bila kiwambo, lakini kwa sikio ambalo tayari linalia ningetaka daktari aseme kwanza. Unaweza kununua kiwambo kwa ridhaa yake na kwa masharti mapya atakayoyaweka yeye, kwa mfano kikae kwa mzee na kisiingie kwenu, jambo ambalo sheria haiwalazimishi, ila huenda moyo wake unalihitaji kwa sasa. Na kama yeye mwenyewe atataka, nasema yeye mwenyewe, anaweza siku moja kusimama mbali na uwanja wa mazoezi, akiwa amevaa vikinga na wewe ukiwa kando yake, huku mzee akipiga risasi moja kwa bunduki yake yenye kiwambo. Atasikia kwamba bado inalia. Kwa mtu mwingine hilo lingemaliza ubishi, lakini kwa aliyekimbia linaweza kuamsha usiku ule upya, kwa hiyo usimpeleke kwa kumshtukiza wala kwa kumshawishi mbele ya watu.

Hilo la kuacha kuwinda kabisa sikuliona likitoka mdomoni mwa mkeo. Nimelirudia mara kadhaa kulitafuta, nikakuta kwamba alichokataa ni kiwambo tu, na kwamba ni yeye aliyekausha nyama kwa moshi na kuipika na sombe. Mwulize yeye kama nimesoma sawasawa.

Uniandikie tena daktari akishalipima sikio, na uniambie pia mtoto analala na nani.